Jina la Mwenye Duka

Zamani, katika mji wetu wa kando ya mto Krishna, Jumatatu ilikuwa Jumatatu. Vijana wa leo ukiwaambia hivyo wanakutazama kwa huruma, maana wamezaliwa wakakuta maduka yako wazi mwaka mzima na kila kitu kinaandikishwa kwa simu ya mkononi kabla chai haijapoa. Enzi hizo serikali ilikuwa imeleta sheria ya maduka. Sheria ilitaka kila duka liandikishwe manispaa, litundike cheti chake ukutani, na lifungwe siku moja katika wiki ili watu wapumzike. Soko letu lilipangiwa Jumatatu. Basi siku hiyo mbao za milango hazikuondolewa, mbwa walilala katikati ya njia bila wasiwasi, na mtu akipiga chafya upande wa wafua shaba, upande wa wauza bangili walimjua kwa jina.

Katika kichochoro cha wauza bangili, duka la tatu kutoka kisimani lilikuwa la Bhalchandra Kasar. Ndivyo tulivyosema sote, duka la Bhalchandra, ingawa halikuwa na kibao wala maandishi. Mji mzima ulilitaja jina hilo asubuhi na jioni. Mtu mmoja tu hakuwahi kulitaja, naye ni mkewe, Shevanta.

Hapo hapakuwa na ugomvi. Mke wa kwetu hakumtaja mumewe kwa jina. Iliaminika kwamba kila mara jina hilo linapotoka mdomoni mwa mke, umri wa mume unapungua. Nani basi ampunguzie mumewe siku kwa ajili ya kumwitia chakula? Mwaka wa kwanza wa ndoa Shevanta alimwita kwa kutikisa mikono mpaka bangili zilie. Zikilia mara moja, alikuwa anataka maji. Zikilia mara mbili, kuna mgeni mlangoni. Zikilia bila kukoma, Bhalchandra alijua amefanya kosa na alikuja mbio kabla hajakumbuka ni lipi. Alipozaliwa Nalini mambo yalirahisika, akawa Baba Nalini, na jirani wakapumzika na kelele.

Kazi ya bangili si kuuza tu. Bangili ya kioo inayomkaa mwanamke vizuri ni ile iliyo ndogo kuliko kiganja chake, kwa hiyo lazima ipitishwe kwa ufundi. Shevanta aliushika mkono wa mteja, akaukanda kwa maji ya sabuni, akakusanya mifupa ya kiganja pamoja huku akiuliza habari za mama mkwe, na mteja alipoanza kulalamika juu ya mama mkwe bangili zilikuwa tayari ziko kwenye kifundo, zima zote. Wanawake walitoka vijiji saba kumpa mikono. Bhalchandra hakujaliwa hivyo. Vidole vyake vilikuwa vinene, na kila alipojaribu kumvisha mtu, kioo kililia. Kwetu hatusemi bangili imevunjika, ni mkosi kusema hivyo. Tunasema imeongezeka. Bhalchandra aliongeza bangili nyingi sana katika maisha yake. Mwishowe akajiachia kazi anazoziweza, yaani kubeba makasha kutoka stesheni, kwenda magulio ya vijijini, kuleta chai, na kuwachekesha wazee walioketi barazani kusubiri wake zao.

Jambo jingine alilojaliwa ni kuahirisha. Sheria ilipokuja, wenzake wote walikwenda manispaa wakaandikisha maduka yao. Yeye alisema kesho. Kesho ikawa mwezi, mwezi ukawa mwaka wa 1961, na ukuta wa duka ukabaki na picha ya mungu na kalenda ya kiwanda cha mafuta, bila cheti.

Mwaka huo, Jumatatu moja, Bhalchandra akiwa gulio la mbali, mama mmoja wa ng'ambo ya mto alifika kichochoroni akimkokota binti yake. Harusi ilikuwa kesho. Basi lao la Jumapili lilikuwa limeharibika njiani, na binti hakuwa na bangili hata moja ya kijani. Bibi harusi wa kwetu hawezi kuketi mbele ya moto wa ndoa bila bangili za kijani, ni afadhali akose bwana harusi.

"Dada, nifichie aibu," mama yule alisihi kupitia ufa wa mlango. "Nisaidie, nitakuombea watoto wanane."

"Wanane wa nini, mama? Ingia upesi," alisema Shevanta, akaondoa mbao mbili.

Alikuwa amefika bangili ya tano ya mkono wa kushoto baiskeli iliposimama nje. Mtu mrefu mwenye miwani na mkoba wa turubai aliinama akachungulia. Alikuwa Sabnis, mkaguzi wa maduka, mgeni bado katika mji wetu, na ugeni wake ulimfanya awe mkali kuliko alivyozaliwa.

"Leo siku gani, dada?"

"Jumatatu, bwana mkubwa."

"Na mlango huu umefungwa au umefunguliwa?"

"Umefunguliwa kidogo tu. Mbao mbili."

"Sheria haijui kidogo. Cheti cha duka kiko wapi?"

Shevanta alitazama ukutani, kana kwamba cheti kingejitokeza kwa kumwonea huruma. Sabnis naye akatazama, akaona mungu, akaona kalenda. Akafungua mkoba, akatoa fomu, akaketi kwenye kasha.

"Basi tuandikishe sasa hivi. Mwenye duka nani?"

"Wenyewe."

"Wenyewe akina nani?"

"Wa nyumbani kwangu."

"Hao wa nyumbani kwako wana jina?"

"Wanalo, bwana mkubwa."

"Zuri?"

"Zuri sana," alisema Shevanta, na uso ukapata joto.

"Basi lilete tuliandike."

Shevanta aliuinamia mkono wa bibi harusi akaendelea kuukanda. Sabnis alingoja. Alitazama nje kutafuta jirani wa kumsaidia, lakini kichochoro kizima kilikuwa kimefungwa na watu wako mtoni, kama sheria yake mwenyewe ilivyoagiza. Akamgeukia mama wa binti.

"Mama, wewe unamjua mwenye duka hili?"

"Mie natoka ng'ambo, baba. Namjua huyu kwa mikono yake tu. Mume sikumjia."

Nalini, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa chini anapanga vipande vya kioo. Sabnis alilainisha sauti. "Mtoto mzuri, baba yako anaitwaje?"

"Baba," alisema Nalini.

"Watu wengine wanamwitaje?"

Nalini alifikiri kwa bidii. "Baba Nalini."

Bibi harusi alishindwa kujizuia, akacheka, na bangili ya sita ikaongezeka. Sabnis alivua miwani akaipangusa. Hakuwa mtu mbaya, na hata kwake nyumbani mkewe alimwita "unasikia" kwa miaka tisa.

"Kama huwezi kulitaja, dada, liandike. Kalamu hii hapa."

"Kuandika si kutaja kwa vidole, bwana mkubwa?"

"Lo!" Sabnis alitupa mikono. "Sikiliza. Sheria inataka jina la mwajiri. Haikusema awe mume, haikusema awe mke. Aliye dukani sasa hivi nani? Wewe. Anayefanya kazi hata siku iliyokatazwa nani? Wewe. Jina lako mwenyewe una ruhusa ya kulitaja?"

"Shevanta."

"Mungu ni mkubwa," alisema Sabnis, akaandika. Akampa kalamu atie saini, na Shevanta, aliyeishia darasa la pili, aliandika jina lake polepole, herufi moja moja. Kisha mkaguzi akasimama. "Mmalizie bibi harusi, halafu urudishe hizo mbao. Nikikukuta tena Jumatatu, hata jina lako halitakusaidia."

Jioni Bhalchandra aliporudi, Shevanta alimpa ile karatasi na machozi yakiwa karibu. Yeye aliisoma, akairudia, kisha akacheka mpaka akaketi juu ya kasha la bangili, na ndani ya kasha zikaongezeka dazeni moja.

"Kwa hiyo mimi nimekuwa nani hapa?"

"Usicheke, Baba Nalini. Watu watasema nimekunyang'anya duka. Nenda ukarekebishe."

"Nitakwenda."

"Lini?"

"Cheti kinalipiwa upya kila mwaka. Nitakapokwenda kulipia, tutaweka mambo sawa."

Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Bhalchandra hakuahirisha. Mwaka ulipoisha alivaa kofia yake nyeupe, akaenda manispaa mwenyewe, akarudi na cheti kipya chenye muhuri wa zambarau, akakitundika chini ya mungu. Kilikuwa kimeandikwa Kiingereza. Shevanta hakujua Kiingereza.

"Umerekebisha?" aliuliza.

"Kila kitu kiko sawasawa, tajiri yangu."

Tangu siku ile ya mkaguzi Bhalchandra alikuwa amemgeuzia mkewe jina. Tajiri, chai tayari. Tajiri, kasha la stesheni limefika. Mbele ya wateja alimwinamia kabisa, na wazee wa barazani wakapiga makofi. Shevanta alimkemea na kufunika mdomo kwa ncha ya sari, lakini uongo haufai, alipenda.

Miaka iliyofuata ndiyo watu wa kichochoro kile wanayoisimulia hata leo kwa sauti ya chini, kama watu wanaozungumzia chakula walichokula wakashiba. Jumatatu mbao hazikuondolewa. Asubuhi Shevanta alipika mikate ya mtama, bilinganya ndogo zilizojazwa viungo, na karanga zilizotwangwa na kitunguu saumu, akavifunga katika kitambaa, na wote watatu wakashuka mtoni. Bhalchandra alipasua kitunguu kibichi kwa ngumi juu ya jiwe, kwa kuwa aliamini kitunguu kilichokatwa kwa kisu hakina ladha. Nalini alihesabu mabehewa ya treni darajani. Shevanta alipotaka kuinuka kufuata maji, mumewe alimzuia.

"Kaa. Leo sheria inakukataza kufanya kazi."

"Na wewe je? Nenda wewe."

"Mimi ndiyo kabisa. Tajiri akinituma Jumatatu, nitamshtaki kwa Sabnis."

Baada ya kula aliutaka mkono wake. Wiki nzima mikono ile ilivisha ya watu, lakini Jumatatu ilivishwa yenyewe. Bhalchandra aliinama na vidole vyake vinene, akatoa ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, akajaribu kupitisha bangili. Katika sita, mbili zilifika salama. Shevanta alivumilia mikwaruzo akijifanya haimuumi. Hakukuwa na mahali pengine duniani alipotaka kuwa.

Mambo yalikwenda hivyo miaka kumi na miwili. Msimu wa mvua wa 1973, asubuhi ya Alhamisi, Bhalchandra aliweka kasha begani pale stesheni, akapiga hatua nne, akaliweka chini taratibu ili kioo kisiumie, akaketi kando yake. Wapagazi walidhani anapumzika. Moyo ulikuwa umesimama. Alikuwa na miaka arobaini na moja.

Siku hiyo wanawake wa ukoo walimpeleka Shevanta mtoni, wakachukua jiwe, wakazigonga bangili zake zote za kioo. Hata hapo hakuna aliyesema zimevunjika. Ni desturi ya kikatili, na hakuna haja ya kuipamba. Alirudi nyumbani na mikono mitupu, na kwa siku kumi na tatu alipoinua mkono kuchukua kitu alishtuka kwa jinsi ulivyokuwa kimya.

Kaka mkubwa wa marehemu, Keshav, alikuja kutoka Bombay, ambako alikuwa fundi katika kiwanda cha nyuzi. Alisimamia mazishi vizuri, hilo lazima lisemwe. Alilia kwa dhati. Lakini siku ya kumi na nne, wageni walipoondoka, alimkalisha shemeji yake akamweleza alivyopanga.

"Shemeji, nimefikiri sana. Mwanangu Ramakant amejifunza kutengeneza redio. Duka la hapa liko kwenye njia nzuri. Nitaliandikisha kwa jina langu, yeye atakaa humo. Wewe na Nalini mtakuja Bombay, mtakula tunachokula."

"Na bangili, shemeji?"

Keshav alitazama chini kwa aibu, lakini alisema. "Nani atampa mjane mkono wake amvishe bangili? Bibi harusi gani? Ukiwagusa watasema nuksi. Usinifanye nilitamke hili, shemeji, hata mimi linaniuma."

Shevanta alikijua chumba cha Keshav huko Bombay, chumba kimoja cha watu saba. Alijua angelala karibu na jiko na kuinuka wa kwanza, angekuwa mama mdogo anayesugua sufuria mpaka uzee. Nalini alikuwa amebakiza miezi minane amalize shule. Duka ndilo lilikuwa maisha yake yote, kwa kuwa pale tu mikono yake ilikuwa na maana. Lakini duka ni la nani? La Bhalchandra. Na marehemu ana kaka. Aliamini cheti cha ukutani kinasema hivyo hivyo.

"Duka ni la Baba Nalini," alisema tu.

"Sawa kabisa," alisema Keshav. "Na wa damu yake ni mimi."

Kesho yake Keshav alikwenda manispaa na fomu. Alirudi kabla ya saa sita, jasho likimtiririka, akasimama mlangoni bila kuvua viatu.

"Shemeji, umefanya nini?"

"Nimefanya nini?"

"Usinicheze! Duka liko kwa jina lako. Tangu mwanzo! Ndugu yangu alikuwa na habari?"

Siku ile ya bibi harusi ilimrudia Shevanta nzima, sabuni, miwani ya mkaguzi na kicheko cha binti. Kumbe Baba Nalini hakurekebisha. Aliahirisha, kama kawaida yake, na sasa mjane anaonekana mwizi mbele ya ukoo.

"Ni kosa, shemeji," alisema. "Ni kosa la ulimi wangu. Nitakwenda kulisema mwenyewe."

Walikwenda pamoja siku hiyo hiyo, Keshav mbele, Shevanta nyuma, sari imevutwa hadi kwenye paji la uso. Sabnis bado alikuwepo. Nywele zilikuwa zimeota mvi na ukali umemtoka, amebaki na miwani ileile. Alisimama alipomwona Shevanta, akamwonyesha kiti, akatazama mikono yake, akasema pole.

"Bwana mkubwa," alianza Shevanta, "siku ile ulinikuta nimefungua Jumatatu. Ulitaka jina nikashindwa. Ukaandika langu kwa hasira. Lilikuwa kosa. Duka ni la wenyewe. Naomba lifutwe."

"Umesikia kwa masikio yako," alisema Keshav, akaweka fomu mezani. "Yeye mwenyewe anasema. Atie saini hapa tumalize."

Sabnis hakuigusa fomu. Alikwenda kabatini, akarudi na faili lililofungwa kwa uzi, akalikung'uta vumbi.

"Kweli niliandika kwa hasira," alisema. "Nilijua mwenyewe ni kosa. Mwaka ulipoisha mumeo akaja kulipia, nikamwambia, bwana, lete hiyo karatasi nirekebishe, tuweke jina lako. Unajua alisema nini? Alisema, acha hivyo hivyo. Wateja wote wanakuja kwa mikono yake. Mimi nabeba makasha tu."

"Alikuwa anatania," alisema Keshav. "Mji mzima unajua ndugu yangu alikuwa mtani."

"Mtu hatanii mara kumi na moja, bwana, na kulipa ada kila mara."

Akafungua faili akaligeuza upande wa Shevanta. "Hii saini unaijua?"

Aliijua. Hakuweza kuisoma lakini aliujua ule mkia mrefu wa mwisho, ulioteremka kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji.

"Basi nitakusomea. Mwajiri, Shevanta. Kazi ya duka, bangili za kioo. Siku ya kufunga, Jumatatu. Halafu kuna safu ya ndugu wa mwajiri wanaofanya kazi humo. Hii aliijaza kwa mkono wake." Sabnis aliweka kidole chini ya mstari, akasoma polepole, akiyaweka maneno kwa Kimarathi, lugha yetu. "Bhalchandra. Mume wa mwenye duka. Msaidizi."

Akafunua ukurasa. "Mwaka uliofuata. Mume wa mwenye duka, msaidizi." Akafunua mwingine, na mwingine. Alizifunua karatasi zote kumi na moja.

Shevanta alikuwa ameshikilia ukingo wa meza. Miaka kumi na miwili alidhani tajiri ni mzaha. Alimkemea, akacheka, akamrushia maganda ya karanga, kumbe mtu yule alikuwa amekwenda kulisema mbele ya serikali, akaliwekea saini, akarudi nyumbani kunywa chai bila kujitangaza. Alimpenda wakati huo kuliko siku yoyote aliyokuwa hai, na hakuwa na pa kulipeleka pendo hilo.

"Sasa nisikilizeni wote wawili," alisema Sabnis. "Cheti hiki si hati ya nyumba. Ukitaka kwenda mahakamani, bwana Keshav, mlango uko wazi. Lakini daftari hili halibadiliki mpaka mwenye jina atie saini. Dada, fomu hiyo hapo. Ukitaka, tia. Hutaki, usitie."

Keshav alimsogezea kalamu. Hakuwa akitisha. Sauti yake ilikuwa karibu ya kubembeleza. "Shemeji, karatasi ni karatasi. Lakini mikono yako ni ya mjane. Nani atakupa wake?"

Tangu aolewe Shevanta hakuwahi kumkatalia mkubwa wa ukoo hata glasi ya maji. Aliusukuma ukingo wa sari nyuma akamtazama usoni.

"Atakayetaka bangili zisiongezeke," alisema. "Sitii saini, shemeji."

Keshav alitazama mkia wa saini ya ndugu yake kwenye ukurasa ulio wazi, na macho yakamjaa maji. Akaichukua fomu yake, akaikunja mara nne.

Shevanta aliinuka, lakini Sabnis aliinua mkono. "Bado, dada. Kuna jambo moja, nisamehe. Msaidizi akiondoka, mwajiri lazima aarifu, daftari lisahihishwe. Lazima nilimalize leo." Alichovya kalamu. "Jina la msaidizi aliyeondoka?"

"Nitataja mimi," alisema Keshav haraka. "Yeye hawezi."

"Mwajiri ndiye anayetaja."

Nje mtu alikuwa akipiga kengele ya baiskeli. Miaka kumi na minane Shevanta alikuwa amelifungia jina hilo mdomoni ili mtu mmoja aishi muda mrefu. Sasa halikuwa na cha kumpunguzia.

"Bhalchandra," alisema.

Sabnis aliandika bila kuinua kichwa. "Sababu ya kuondoka?"

"Alichoka, bwana mkubwa. Alikuwa amebeba mzigo."

Sabnis aliandika neno moja, fupi kuliko hayo. Kisha akasita, kwa kuwa safu iliyofuata ilikuwapo na lazima ijazwe. "Anadai siku zozote za mapumziko?"

Shevanta alicheka, na kicheko kikageuka njiani. Aliacha machozi yaende. "Hadai. Jumatatu zetu tulizimaliza zote. Hata moja hatukuiacha."

Sabnis aligonga muhuri, akampa karatasi kwa mikono miwili. Nje mvua ilikuwa imekatika. Keshav alikwenda kutafuta gari la farasi, naye Shevanta hakumngoja. Alishika njia ya sokoni peke yake, na alipopita mahali pasipo na watu alilitamka jina lile tena, mara mbili, kwa sauti ya kawaida, kama mke anayemwita mumewe aliye chumba cha pili.